Unatafiti dini? Litoe kwanza neno "dini" kwenye maswali yako

Nyie mnaojiandaa kwenda fildi kutafiti mambo ya dini naomba mnisikilize, maana mimi hili limenila wiki 3 nzima. Nilifika kijiji kimoja huku Pwani, barua ya chuo ninayo, mtendaji kashagonga muhuri, madodoso 60 mkononi. Nikapita nyumba kwa nyumba. Muislamu, Muislamu, Mkristo, Muislamu, na kila nikiuliza dini ya jadi naambiwa hakuna. Nikaandika hakuna.

Alhamisi moja jioni bibi niliyefikia kwake akaniambia mjukuu wangu nisindikize, tukaenda mpaka kwenye mbuyu nyuma ya minazi, shina limefungwa vitambaa vyekundu na vyeupe, chini chetezo cha ubani na chupa tupu za marashi. Akavua kandambili, akanyunyiza marashi, akaanza kuwataja wazee wake mmoja mmoja kwa majina, taratibu kabisa. Nikamuuliza, bibi kumbe hii ndo dini yenu ya jadi? Akashtuka. "Dini? Mimi Muislamu mjukuu wangu, alfajiri si umeniona naswali? Hii mila."

Yaani neno dini tumelipokea toka Kiarabu na kwa wengi maana yake ni Uislamu au Ukristo basi, ukiliweka kwenye swali umeshafunga mlango mwenyewe. Okot p'Bitek, mwandishi wa Uganda, alieleza jinsi mapadri wa Kiitaliano mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Kiacholi nani kawaumba, lugha yao haina neno la kuumba kwahiyo swali likatoka kama nani kawafinyanga, mzee mmoja akakumbuka yupo Rubanga, pepo mbaya anayewafinyanga watu kwa kuwapinda mgongo wakiugua. Mapadri wakalichukua jina hilo likawa la Mungu. Mi hii huwa inaniuma kila nikiikumbuka.

Kwahiyo uliza vitendo. Mkija hapa mnafanyaje, nani anaanza, mvua ikikataa mnaenda kwa nani. Nilipouliza hivyo bibi aliongea karibu saa nzima. Maneno yake yaandike vilevile, mzimu ubaki mzimu. Na imani yako iweke pembeni kwelikweli, mimi nimekulia kwaya ya kanisani na siku ile nilishaanza kuhukumu moyoni, ikaonekana usoni, bibi akanyamaza mpaka nilipomuomba radhi.

Kurekodi omba ruhusa kwanza. Bibi alinikubalia vyote isipokuwa yale majina ya wazee wake, na kwenye ripoti yangu hayamo.