Kabla hujampa mtoto simu ajifunze kusoma

Likizo ikikaribia, wazazi huniuliza swali lilelile: "Mwalimu, nasikia siku hizi mtoto anajifunza kusoma kwenye simu. Nimpe yangu?" Nafundisha darasa la pili upande wa Chamwino, mkoani Dodoma, na jioni watoto wa majirani hujaa barazani kwangu kusoma hadithi kwenye kishikwambi. Huwa nawajibu kwamba wampe, ila data iwe imezimwa, ndani ziwemo hadithi chache za Kiswahili zinazolingana na uwezo wa mtoto, na pembeni yake akae mtu wa kumsikiliza. Simu ya namna hiyo inakuza usomaji. Simu anayokabidhiwa mtoto ili atulie, wakubwa wapate kuzungumza, haimkuzi, hata kama imejaa programu za elimu.

Nasema hivyo nikijua kwamba tafiti kubwa zinaonekana kunipinga. Mwaka 2018 mtafiti Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye kioo cha simu au kompyuta. Wa karatasi walielewa zaidi. Tofauti haikuwa kubwa, lakini ilijitokeza kwenye maandishi ya kutoa maarifa, na ilizidi pale msomaji alipobanwa na muda. Kwenye hadithi tupu haikuonekana. Kisha mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Hispania, wakapitia tafiti 25 zenye washiriki karibu 470,000, safari hii kuhusu kusoma kwa kujifurahisha kwenye vifaa vya kidijitali. Kwa jumla uhusiano wa usomaji huo na ufahamu ulikuwa mdogo mno. Kwa wanafunzi wadogo ulielekea pabaya: waliozoea zaidi kusoma kidijitali walielekea kuwa na ufahamu hafifu. Kwa wakubwa, wa sekondari za juu na vyuo, ulielekea pazuri kidogo.

Mzazi akiniletea habari hizo nampongeza kwa kufuatilia. Ila namwomba aangalie watafiti wa Valencia walieleza nini. Walisema maandishi mengi ya mtandaoni, hasa ya mitandao ya kijamii, ni ya kimazungumzo na lugha yake ni nyepesi, halafu msomaji huyapitia juujuu akirukia hiki na kile. Hayo yote yanamhusu mtoto aliyeachiwa simu yenye bando. Hadithi moja iliyofunguliwa peke yake, isiyo na mahali pa kurukia, ni jambo jingine.

Tena watoto wa tafiti hizo wengi wanatoka nchi zenye vitabu vya kuchagua. Nyumba nyingi ninazozijua huku hazina kitabu cha hadithi hata kimoja. Utakuta Biblia au Kurani, madaftari ya shule, pengine kalenda ukutani. Mtoto akishatoka shule mchana hakutani na sentensi nyingine mpaka kesho yake asubuhi. Kwake yeye kioo hakijachukua nafasi ya kitabu chochote, maana kitabu hakikuwepo.

Kwa hali kama hiyo ushahidi tunao hapahapa nchini. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mashindano ya kimataifa ya programu za kujifunzia, Global Learning XPRIZE, yalipeleka vishikwambi kwa watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 mkoani Tanga. Takriban robo tatu yao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vifaa vilichajiwa kwa sola, na programu zilizomo zilitengenezwa zimfundishe mtoto kwa Kiswahili bila mwalimu kuwepo. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili, watengenezaji wa programu za Kitkit School na onebillion. Ni kazi kubwa, na kila anayedharau vifaa hivi ningependa aifahamu. Lakini mimi ni mwalimu, macho yangu yanakwenda kwa ile nusu nyingine: watoto waliokaa na kishikwambi zaidi ya mwaka na neno moja bado likawashinda. Hao ndio wanaonifanya nisisitize habari ya mtu wa kukaa pembeni.

Nieleze ninachokiona barazani. Yupo binti mmoja hodari sana wa kuperuzi, programu yoyote anaifungua kabla sijamwelekeza. Hadithi ambayo programu humsomea kwa sauti aliimaliza bila kukwama, mpaka mapozi ya msimulizi alikuwa ameyashika. Mama yake alikuwa ameshawatangazia ndugu kwamba mtoto anasoma. Nikamfungulia nyingine isiyo na sauti. Sentensi ilikuwa: "Sungura alijificha nyuma ya kichuguu." Akatazama picha, akasoma kwa kujiamini: "Sungura alijificha kwenye majani." Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwomba aniwekee kidole kwenye neno "majani". Akaweka kwenye "nyuma", akakiondoa, akanyamaza. Tukaanza upya taratibu, ki-chu-gu-u, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha uso ukamfunguka: "Kumbe kichuguu! Kile cha kule kwa babu!" Siku ile alisoma neno. Kabla ya hapo alikuwa anakumbuka sauti na kubahatisha picha, na angeweza kuendelea hivyo muda mrefu bila mtu kugundua.

Kwa hiyo sauti ya programu itumie kwa kipimo. Mara ya kwanza mwache asikilize, afurahie hadithi, ayapate maneno mageni. Mara ya pili zima sauti, asome mwenyewe huku kidole kikipita chini ya maneno. Akishamaliza, funika picha umwonyeshe neno moja katikati ya ukurasa, si la mwanzo wala la mwisho, alitamke. Akilipata, songa mbele. Akikwama, rudini kwenye silabi bila kumkaripia. Kiswahili kina neema kubwa hapo: herufi zake hazidanganyi, kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, hivyo mtoto akishazishika silabi milango inafunguka haraka kuliko watu wengi wanavyodhani.

Kuhusu programu zenye vikorombwezo, nao ushauri unahitaji uangalifu. Mwaka 2021 watafiti May Irene Furenes, Natalia Kucirkova na Adriana Bus walichambua tafiti 39 za watoto wa miaka 1 hadi 8. Kitabu cha kidijitali kilichokuwa nakala tu ya kile cha karatasi kilishindwa na karatasi. Lakini vionjo vilivyoongezwa vilipomsaidia mtoto kuifuata hadithi yenyewe, kitabu cha kidijitali kilishinda. Hilo naliona kila wiki. Picha inayosogea kuonyesha maji yanavyopanda mtoni inamsaidia mtoto kuelewa kwa nini kobe alikimbia. Picha ambayo ukiigusa kila mnyama anacheza ngoma inamfanya mtoto awaguse wanyama wote, sentensi ikibaki haijasomwa. Kabla ya kumpa, ifungue wewe mwenyewe uone kuna vya kuchezea vingi kiasi gani.

Sasa kuna jambo linalowakatisha tamaa wazazi na walezi wengi huku kwetu. "Mwalimu, mimi mwenyewe sikusoma, nitamsaidiaje?" Jirani yangu ni bibi mtu mzima, hajui a wala be, anamlea mjukuu wake wa darasa la tatu. Nyumbani wanazungumza Kigogo. Kila jioni, chungu cha mlenda kikiwa jikoni, mjukuu anamsomea bibi ukurasa mmoja kwa Kiswahili, halafu anamweleza kwa Kigogo kilichotokea. Bibi anauliza: "Sasa huyo fisi, nyama aliitoa wapi?" Mtoto hajui, inabidi arudi nyuma kutafuta. Na kama bibi ana wasiwasi kwamba anatungiwa, anamwambia arudie ukurasa uleule. Maneno yakibadilika, anajua mtoto anabuni. Nimesoma miongozo mingi ya kufundisha ufahamu, na sijui njia iliyo bora kuliko hiyo kwa nyumba isiyo na msomaji mwingine. Mtoto anayemweleza bibi yake hadithi kwa lugha ya nyumbani analazimika kuielewa. Wazazi wanaowakataza watoto Kigogo wakati wa kusoma nawasihi waache. Ufahamu unajengwa kwa lugha ambayo mtoto anafikiria kwayo, na Kiswahili kinakomaa juu yake.

Habari ya data nimeigusa, niongeze kidogo tu. Zima kabla hujamkabidhi, usimwachie yeye azime. Ujumbe mmoja ukiingia, au tangazo likijitokeza, hadithi imekatika. Na muda uwe mfupi ila wa kila siku: robo saa kila jioni inamfaa kuliko Jumamosi nzima ambayo mwisho wake ni katuni.

Chukua pia hatua ya kurudi kwenye karatasi, ambayo wengi hawaifikirii kabisa. Hadithi ambayo mtoto ameizoea kwenye simu, ipeleke steshenari wakuprintie kwa rangi nyeusi tu, bila picha ikiwezekana. Gharama yake ni ya kurasa chache. Mpe asome. Akiisoma vizuri pale, bila sauti, bila picha, bila kugusa chochote, usomaji umeingia. Akipotea, ujue usomaji wake bado uko kwenye kioo tu. Karatasi hizo zishonwe pembeni kwa uzi, na nyumba iliyokuwa haina kitabu sasa inacho. Wanangu wa darasani wanaviandika majina yao juu ya jalada na wanaazimana.

Na kama baba yuko mbali, Dar es Salaam au mgodini, mtoto amrekodie sauti akisoma ukurasa mmoja amtumie. Kurekodi kuna faida ya ziada: mtoto anajisikiliza, anagundua mwenyewe pale alipokokota maneno, anaomba arudie. Kusoma ukurasa uleule mara kadhaa mpaka uteleze ni zoezi ambalo walimu wa kusoma wamelitumia kwa miongo mingi, na kwa kawaida watoto hulichoka. Wakiwa wanarekodi hawalichoki.

Kwa walioko sekondari mambo yanageuka. Hao ni wakubwa, wameshajua kusoma, na likizo wanasomea notisi walizotumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Hapo ndipo utafiti wa Delgado unapowahusu moja kwa moja: maandishi ya maarifa, muda unabana, mtihani unakaribia. Mwambie kijana wako asiishie kuteleza kidole kwenye kurasa. Asome kipande kwenye simu, aiweke chini kifudifudi, aandike daftarini alichoelewa kwa maneno yake, ndipo aishike tena. Na kwa kuwa kuanzia kidato cha kwanza masomo ni kwa Kiingereza, hadithi fupi za Kiingereza kwenye simu zitampa msamiati ambao notisi hazina.

Pa kuzipata hadithi pasiwe kisingizio. Mtandaoni, African Storybook wanazo nyingi za Kiswahili, bure, zimepangwa kwa viwango kuanzia neno moja kwa ukurasa hadi aya ndefu, na zinaruhusiwa kupakuliwa na kuprintiwa. StoryWeaver pia wanazo. Vitabu vya kiada viko kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Pakua siku moja ukiwa na bando au ukiwa mjini, zitawatosha kwa wiki kadhaa. Baadhi ya tafsiri hazijakaa vizuri, na nyingine zina Kiswahili cha Kenya ambacho watoto wetu hawajakizoea, kwa hiyo zisome kwanza uchague. Anza na kiwango kilicho chini kidogo ya uwezo wake. Mtoto anayekwama kila neno la tatu hasomi, anateseka, na kesho hatakuja. Ukiwa Dodoma mjini, mpeleke pia maktaba ya mkoa akashike vitabu vyenyewe.

Walimu wenzangu, nina neno nanyi pia. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 vilikuja mikononi mwetu, na najua vingi vinatumika kwa andalio la somo na taarifa za ofisini. Hayo ni sawa. Lakini kimoja chenye hadithi kumi, data imezimwa, kinatosha watoto watano waliokaa kwa duara baada ya kipindi cha mwisho, kila mmoja akisoma ukurasa wake kwa sauti na wenzake wakifuata kwa macho. Anzeni na wale wanaokaa nyuma darasani, ambao kitabu kikiwafikia kengele imeshagonga.