Ukuta usiotiwa saruji

Mwanangu,

Ile picha niliyokutumia ya Manarola, kijiji cha huku Cinque Terre kwenye pwani ya Italia, imekufanya uulize: nchi yenye pesa kama Italia, mbona kuta zinazoshikilia mashamba ya ngazi mlimani ni mawe matupu, bila saruji? Swali la mhandisi. Nami niliwahi kujiuliza hivyo msimu wangu wa kwanza Cinque Terre, ila sikungoja jibu.

Tajiri wangu, mzee mmoja mkulima, alinituma nizibe pengo kwenye ukuta wa juu. Kupanga mawe makavu kunataka subira: unaligeuza jiwe mpaka likubali kukaa, halafu unashindilia kokoto nyuma yake. Nikaona nifupishe. Nikakoroga saruji, nikaziba, nikajisifu. Zikaja mvua za Oktoba. Maji yaliyozoea kuchuruzika kati ya mawe yakakosa njia, yakajaa nyuma, udongo ukavimba. Ukuta ukaota kitambi. Asubuhi moja tukaukuta umeilalia mizabibu ya ngazi ya chini. Mzee hakufoka. Alinipa nyundo na patasi, nikabandua saruji jiwe kwa jiwe ili tuyapange upya.

Bibi yako kule Lushoto angenicheka. Yeye hushika udongo kwa kupanda majani ya Guatemala, na maji huyaachia pa kupitia.

Na ukuta unataka mtu. Vijana wengi wameshuka kwenye vyumba vya watalii, siwalaumu, mgongo wangu unawaelewa. Lakini ngazi ikiachwa, mawe hudondoka moja moja, na mvua kubwa ikija mlima wenyewe huteremka. Tarehe 25 Oktoba 2011 matope yaliingia vijiji vya jirani, Vernazza na Monterosso, mpaka kwenye nyumba za watu.

Mavuno ni Septemba. Kreti tunabeba begani mpaka kwenye kitreni cha reli moja yenye meno, kinachopanda mlima kikinguruma kama pikipiki mbovu. Zabibu nzuri zaidi, nyingi za aina ya Bosco, hatuzikamui mara moja. Hukaushwa kivulini mpaka karibu Novemba, zikasinyaa, ndipo ikatoka Sciacchetrà, divai tamu ya huku. Ndiyo ile chupa ndogo uliyolalamika kwamba bei yake ni ya mahari.

Ukija mwakani, vaa viatu vyenye meno. Nitakuonyesha jiwe moja kwenye ule ukuta, safu ya tatu kutoka chini. Bado lina doa la kijivu.

Baba yako