Unatembea kila jioni na mzani haushuki? Anza na chai

Dada, umeniandikia kwamba mwezi mzima unatembea nusu saa kila jioni ili upungue na bado uko kilo 88, pole sana. Nilipita hapo hapo. Nusu saa hiyo inaunguza kama kalori 130 hivi. Soda moja ya mililita 350 inazirudisha zote. Mchawi wangu mimi alikuwa chai: vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Nilipunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili, ulimi ukazoea. Chapati nikaibakiza Jumapili (kuiacha kabisa siwezi, nisikudanganye).

Ugali usiuogope, ila uwe wa ukubwa wa ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, na mafuta upime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Matembezi yafikishe dakika 45, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Vaa raba, ndala zilinitesa kisigino wiki tatu.

Umesema unatumia dawa za kisukari. Basi usiruke mlo kabla ya kuongea na daktari wako, sukari inaweza kushuka ghafla. Na kifua kikibana njiani, simama, uende hospitali mara moja.