Mageuzi ya ajira katika Umoja wa Ulaya: nani humwajibisha nani?

Swali: Naandika tasnifu kuhusu Umoja wa Ulaya. Nchi 27 zina mabunge na sheria za kazi tofauti; sera za ukuaji wa uchumi na ajira huratibiwaje, na nchi inayopuuza mapendekezo huchukuliwa hatua gani?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya, kwa kuwa ndio uliogawa mamlaka. Ibara ya 121 inazitaka nchi wanachama ziziangalie sera zao za uchumi kama jambo linalowahusu wote, na ibara ya 148 inaruhusu kuwekwa miongozo ya ajira. Hata hivyo mishahara, pensheni na sehemu kubwa ya sheria za kazi zimebaki mikononi mwa kila nchi.

Tangu 2011 uratibu hufuata ratiba ya mwaka iitwayo Muhula wa Ulaya. Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja, hutoa tathmini ya jumla kuelekea mwisho wa mwaka, serikali huwasilisha taarifa zake mwezi Aprili, kisha Kamisheni hupendekeza marekebisho kwa kila nchi, na Baraza la mawaziri wa nchi wanachama huyapitisha katikati ya mwaka, kabla bajeti za mwaka unaofuata hazijapitishwa na mabunge.

Kuhusu hatua, faini zipo upande wa nakisi ya bajeti na kukosekana kwa uwiano katika uchumi, tena kwa nchi zinazotumia euro. Upande wa ajira hakuna faini. Lililopo ni nchi kuulizwa maswali na nchi wenzake kwenye Kamati ya Ajira ya Umoja. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu mojawapo, pamoja na msukosuko wa 2008, iliyofanya lengo ambalo viongozi wa Umoja waliliweka Lisbon mwaka 2000, yaani ajira kufikia asilimia 70 ifikapo 2010, lisitimie.

Hispania inaonyesha tofauti. Kwa miaka mingi ilishauriwa ipunguze mikataba ya muda, iliyoshikwa na takriban robo ya waajiriwa, bila mafanikio makubwa. Mwaka 2021 ulipoanzishwa mfuko wa kujikwamua baada ya UVIKO-19, ambao hutoa fedha nchi ikishatimiza hatua zilizokubaliwa, mageuzi hayo yakawa mojawapo ya hatua hizo. Serikali iliafikiana na vyama vya wafanyakazi na waajiri, ikatoa amri Desemba 2021, na bunge likaiidhinisha Februari 2022 kwa kura 175 dhidi ya 174, mbunge mmoja wa upinzani akiwa amepiga kura ya ndiyo kwa makosa! Fedha za Brussels, yaani za Umoja, kwa hiyo, zilileta msukumo, lakini uamuzi ulibaki Madrid.

Baada ya hapo sehemu ya waajiriwa wenye mikataba ya muda ilishuka chini ya asilimia 20. Ukiitumia Hispania katika tasnifu yako, tegemea utafiti wa nguvukazi kuliko orodha ya wasio na kazi waliojiandikisha, kwa sababu wenye mikataba ya kudumu ya msimu, yaani walioajiriwa moja kwa moja lakini hufanya kazi vipindi fulani tu vya mwaka, hawahesabiwi katika orodha hiyo hata miezi wanayokaa bila kazi.