Seli hii imetoka wapi? Kwa mnaoanza kazi ya maabara

Mwezi wangu wa kwanza kazini hapa Malindi, niliandika kwenye fomu ya mama mmoja kwamba mkojo wake umejaa seli. Mkuu wangu wa zamu, mama wa makamo asiyepandisha sauti, aliiweka slaidi ile chini ya hadubini yake, akatazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, seli hizi zimetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Majina nilikuwa nayo yote kwa mpangilio: figo, ureta (mrija wa kutoka figo hadi kibofu), kibofu, urethra (mrija wa kutolea mkojo nje). Nilichokosa ni kujua ukuta wa kila sehemu umejengwa kwa seli za namna gani. Zile zilikuwa seli bapa, pana, zenye kiini kidogo, na hizo hutoka mwishoni kabisa mwa njia ya mkojo au kwenye uke. Hazikuwa na habari yoyote kuhusu figo za yule mama. Zilionyesha tu kwamba mkojo haukukingwa vizuri. Fomu ile ingetoka vile, angerudi nyumbani na hofu ya bure.

Kwa hiyo nawaomba mjifunze kuta mapema, na muanze kwa mikono yenu. Nenda sokoni asubuhi ununue figo ya mbuzi ikiwa bado imefunikwa na shahamu, na umwambie muuza nyama asikukatie. Shahamu hiyo husaidia kuishika figo mahali pake, nyuma ya utando wa tumbo. Ukiiondoa utakuta ngozi nyembamba inayobanduka kwa kucha. Sasa ipasue kwa urefu, kuanzia mgongo wake uliobinuka hadi pale kwenye kibonde mishipa inapoingilia. Nje utaona koteksi, yenye rangi ya kahawia na vichembe vidogo. Ndani utaona medula yenye michirizi. Michirizi hiyo ni mirija na mishipa midogo ya damu, imelala sambamba.

Tahadhari moja hapa, maana niliwahi kukosea kwenye mtihani. Medula ya mbuzi huishia kwenye ukingo mmoja ulioungana, lakini ya binadamu imegawanyika katika piramidi, kwa kawaida 8 hadi 18. Figo ya ng'ombe itakupoteza zaidi, kwa sababu nje imejaa mafundo, na ya mtu mzima ni laini.

Figo ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 11 hivi na uzito wa gramu 150 hivi, nayo hubeba nefroni, yaani vichujio vidogo vyenye mirija yake, zipatazo milioni moja. Kila nefroni huanza na glomeruli, kifundo cha mishipa midogo ya damu kilichokaa ndani ya kapsuli ambayo William Bowman aliieleza mwaka 1842. Kaeni sana hapa. Chujio lake lina tabaka tatu: ukuta wa mshipa wenye vitundu, utando wa msingi, na seli zenye vidole vinavyopishana. Figo zote mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, na mtu hukojoa kama lita moja na nusu tu. Sehemu kubwa ya kazi ya kurudisha maji na chumvi, na karibu sukari yote, hufanywa na mrija wa kwanza, wenye seli za mchemraba zilizoota vinyweleo vingi kama brashi.

Chujio likiumia, chembe nyekundu za damu hupenya. Zikinaswa kwenye protini inayoganda ndani ya mirija, huumbika kijiti chenye umbo la mrija wenyewe, ndicho tunachokiita kasti. Kasti haiumbiki kwenye kibofu. Ukiiona iliyojaa chembe nyekundu, damu hiyo imetoka ndani ya figo, na daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Ureta nitaipitia haraka: sentimita 25 hadi 30, na ina sehemu tatu nyembamba ambako mawe hukwama, yaani inapotoka kwenye figo, inapovuka ukingo wa nyonga, na inapoingia kwenye kibofu. Kuanzia vikombe vya figo, yaani vinavyopokea mkojo ndani ya figo, hadi kibofu na mwanzo wa urethra, utando wa ndani ni wa aina moja. Kibofu kikiwa kitupu, utando huo hujikunja marinda na seli zake za juu huvimba kama kuba. Kikijaa, zinalala bapa. Ndiyo maana seli hizo pekee hazikuambii ni sehemu gani hasa iliyoumia.

Huku kwetu pwani, kibofu kina adui wake, kichocho. Minyoo ambayo Theodor Bilharz aliigundua Cairo mwaka 1851 huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake, yenye mwiba mmoja nchani, hupasua ukuta ili yatoke. Mengine hubaki humo miaka mingi, ukuta ukakakamaa, na kwa baadhi ya watu utando hubadilika hadi kuwa saratani. Naumia kila ninapomwona mtoto anayekojoa damu na watu wa kwao wakaona ni jambo la kawaida.

Kwa kuwa damu na mayai hutoka zaidi kibofu kinapojikamua, mgonjwa unayemshuku kichocho mwambie alete mkojo wa mwisho, yaani ule unaotoka anapomaliza kukojoa, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Anayepimwa bakteria alete wa katikati ya kukojoa, baada ya kujisafisha. Na kwa joto la Malindi, kopo lisikae dirishani. Soma slaidi kabla saa mbili hazijapita, kwa sababu kasti humomonyoka na bakteria huzaana.