Kuokoa rekodi za DVR ya kamera kabla hard disk haijafa

Mkuu nimekupata, DVR (kile kiboksi kinachorekodi video) ya kamera za dukani inajizima zima na unataka kubadili hard disk (diski inayohifadhi video) bila kupoteza video za nyuma. Kwanza simamisha kurekodi, maana diski ikijaa inafuta za zamani yenyewe. Chomeka kwenye DVR flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 (aina ya mfumo wa mafaili), ingia menyu ya bakapu, chagua kamera na muda, toa za muhimu kwanza (za mwizi, sio za paka anayekatiza usiku). Ukitaka diski nzima, zima umeme, ichomoe, iweke kwenye kompyuta pamoja na mpya yenye ukubwa uleule au zaidi halafu kloni sekta kwa sekta (yaani nakili diski yote kipande kwa kipande), programu ya ddrescue ya Linux ni ya bure na inavumilia sekta mbovu. Sasa hapa ndo watu wengi wanalia, Windows itadai diski haisomeki uifomati (yaani uifute yote), USIKUBALI kabisa, haiujui tu mfumo wa mafaili wa DVR. Hata DVR yenyewe ikidai kufomati ile kloni, kataa. Ukisikia diski inagonga tik tik zima hapohapo mpelekee fundi wa kuokoa data, na kama kuna kesi polisi usiiguse, waulize kwanza.