“Nilichomoa mkono tu”: maswali yenu kuhusu kushambulia polisi

Sheria ninazozitaja hapa ni za Kenya. Mwenye kesi tayari amwone wakili pia, kwa kuwa sijaona faili ya mtu yeyote.

Mimi ni mwendesha bodaboda, Kisauni. Polisi alinishika mkono nikauchomoa. Hati ya mashtaka inasema nilimshambulia afisa, na sikumpiga hata kofi. Inawezekanaje?

Inawezekana, ndugu yangu. Kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu kimeweka chungu kimoja kumshambulia afisa wa polisi, kumpinga na kumzuia makusudi asifanye kazi yake. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5. Kuchomoa mkono huweza kuhesabiwa kuwa kupinga hata kama hakuna aliyeumia. Lakini isome hati yako neno kwa neno. Ikiwa imeandika kushambulia na mashahidi wanasimulia mkono uliochomolewa tu, wakili wako ana pa kuanzia.

Pa pili ni kazi yenyewe. Kifungu hicho kinamlinda afisa anayetekeleza wajibu wake kihalali, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha hilo. Alikukamata kwa kosa gani? Alikuwa na kibali? Kama hakuwa nacho, je, ni hali ambayo sheria inamruhusu kukamata bila kibali? Ibara ya 49 ya Katiba inataka uambiwe upesi, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukamatwa. Watu wengi hutumia nguvu zao zote mahakamani wakibishana kama kofi lilipigwa au halikupigwa, na swali hili la uhalali halimfikii hakimu kabisa. Naona huko ni kupoteza utetezi bure.

Askari wa kituoni alimwambia mwanangu atafungwa miaka 10 na kulipa milioni moja. Ananitisha?

Hakutunga, mama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 103, inataja, kwa kosa hilohilo la kumshambulia afisa, faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Tazama hati imetaja sheria ipi, hii au Kanuni ya Adhabu. Hata hivyo hicho ni kikomo cha juu. Hakimu anaweza kutoa kifungo kifupi zaidi, au faini badala ya kifungo. Muda aliokaa rumande nao sharti uzingatiwe. Mambo hubadilika afisa akijeruhiwa vibaya: kumdhuru mtu vibaya kwa nia ya kuzuia kukamatwa, chini ya kifungu cha 231 cha Kanuni ya Adhabu, adhabu yake hufika kifungo cha maisha.

Polisi alikuwa amevaa fulana na jinzi. Nilidhani ni mwizi.

Kifungu cha 10 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga aliyekosea kwa imani ya kweli na yenye busara. Sharti yote mawili yawepo. Saa 5 usiku, kichochoroni, mtu anakuvamia bila kujitambulisha: mahakama inaweza kukuelewa. Alikuonyesha kitambulisho ukaendelea kurusha ngumi? Hapo utetezi umekwisha. Kwa afisa aliyevaa sare, sheria inataka jina au nambari yake ya kazi ionekane wazi. Ikariri.

Nilikuwa nimelewa, sikumbuki lolote.

Ulevi wa hiari si ngao. Kifungu cha 13 cha Kanuni hiyo kina mianya michache, kama vile kuleweshwa na mwingine pasipo kujua.

Je, kanjo, askari wa kaunti, ni polisi? Nilimsukuma mmoja aliyekuwa akibeba nyanya zangu.

Si polisi, lakini usishangilie. Kifungu hichohicho cha 253 kinagusa pia anayemshambulia mtu kwa sababu ya kazi aliyoagizwa na sheria, na adhabu haitofautiani. Swali la uhalali linarudi hapa pia: alikuwa na mamlaka ya kuchukua mali yako, na aliifuata sheria ndogo ya kaunti? Tafuta waliokuwa sokoni mapema, kabla hawajatawanyika.

Polisi ndiye aliyenipiga kwanza. Nimshtaki wapi, nami ndiye mshtakiwa?

Haki ya kujikinga unayo, kwa nguvu inayolingana na hatari uliyokuwa nayo. Kulipiza kisasi baada ya hatari kupita hakumo. Ripoti kituoni upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na fomu ya P3, ambayo daktari huandika majeraha yako, uende hospitali siku hiyohiyo, majeraha hayasubiri. Kituo kikikataa kukuandikia, tibiwa kwanza, uhifadhi karatasi zote za daktari. Kisha peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi. Huko huhitaji ruhusa ya kituo. Malalamiko hayo hayasimamishi kesi yako, kwa hiyo usikose tarehe ya mahakama ukidhani yameimaliza. Ukikosa, hakimu anaweza kutoa kibali cha kukukamata na dhamana yako ikapotea.